Ninauza vivuli

Mbukwenyi, ndiyo salamu ya Kigogo.

Bango la duka langu lilikaa na kosa miaka sita, na kwa miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi nyumbani bila kopi zake kwa sababu ya kosa hilo. Nalisema hili mapema, maana leo nataka kuongelea maneno ya Kiingereza yanayofanana sura au ukoo, na mada hii ikianza huwa kila mtu anageuka polisi.

Duka lipo Makole, hapa Dodoma. Nilifungua 2017, kipindi kile serikali inahamia huku, malori yanashusha makabati ya wizara na magodoro ya watumishi, na kila mwenye chumba cha barabarani anawaza biashara. Fundi wa maandishi alikuja na ngazi, brashi na kopo la rangi ya bluu. Akaniambia, "Dada, niandikie kwenye karatasi vile unavyotaka, mimi nafuatisha tu." Nikamwandikia. Kwa hiyo kosa ni langu, yeye hana hatia: STATIONARY, herufi kubwa, kwa A.

Tuna mzee mmoja mtaani, mwalimu mstaafu, wote tunamwita Mwalimu tu. Hukaa nje kwangu chini ya mwarobaini akisoma gazeti. Siku moja akainua macho ukutani, akatulia, akaniita.

"Mwanangu, kumbe duka lako limesimama?"

Nikajua anaulizia biashara. "Hapana Mwalimu, namshukuru Mungu. Wiki hii kuna usaili chuo kikuu, pale UDOM, mashine haijapumzika tangu asubuhi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Ndipo akanieleza kwamba "stationary" kwa A ni kitu kilichotulia mahali pamoja, hakisogei, kama gari lililoegeshwa. Karatasi, bahasha na kalamu ni "stationery" kwa E. Akanipa na njia ya kukumbuka: "paper" inaishia na "er", basi duka la karatasi nalo lina "er" tumboni. Niliona aibu siku mbili hivi. Siku ya tatu nikaingia mtandaoni kutafuta asili ya maneno yale, nikakuta jambo lililoniondolea aibu yote.

Zamani za kati kule Ulaya, wauzaji wengi wa bidhaa walikuwa wa kutembeza. Yule aliyekuwa na kibanda cha kudumu, hasa muuza vitabu aliyepewa mahali karibu na chuo kikuu, aliitwa kwa Kilatini "stationarius", yaani mtu wa kituo kimoja. Kwa Kiingereza akawa "stationer", na bidhaa zake zikaja kuitwa "stationery". Pale London watu wa kazi hiyo walikuwa na chama chao tangu 1403. Kwa maneno mengine, steshenari ni duka la mtu asiyekuwa mmachinga. Yale maneno mawili ni mama mmoja, wametofautiana herufi moja tu ili watu wasiwachanganye. Nilimpelekea Mwalimu habari hii kama ushindi. Akasema, "Sawa, lakini bango bado limekosea."

Tangu hapo nikaanza kuandika kurasa za nyuma za daftari langu la madeni. Mimi nachapa kazi za watu: barua za maombi, wasifu, ripoti, mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi. Kidato cha nne nilipata C ya Kiingereza, si msomi. Lakini ukichapa Kiingereza cha watu miaka mingi, unaanza kuona palepale wanapojikwaa, na wengi hujikwaa mahali pamoja: pale Kiswahili kina neno moja na Kiingereza kina mawili.

Neno lililojaza kurasa nyingi zaidi ni kivuli.

Mwanangu wa darasa la sita aliandika insha ya safari, akasema walipumzika kwenye "shadow" ya mti mkubwa. Mwalimu wake akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika juu "shade". Mtoto akaja nayo dukani amekunja uso. "Mama, kwani si kivuli?" Nikamwambia ni kivuli. "Na hii nyingine?" Nayo ni kivuli. "Sasa?"

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Nikamtoa nje, maana jambo hili Dodoma huhitaji ubao. Nikamsimamisha juani, nikamwonyesha lile umbo jeusi fupi lililomganda miguuni. Ile ni "shadow". Ina sura, ina mwenyewe, ukikimbia inakimbia. Kisha tukaingia chini ya mwarobaini alipokaa Mwalimu. Hii ni "shade". Haina sura ya mtu, ni mahali. Unaweza kuweka kiti, unaweza kugombania. Na watu wanagombania kweli! Bodaboda wa kijiwe chetu asubuhi wanapanga pikipiki upande wa magharibi wa ule mti, jioni wamehamia mashariki, na katikati ya siku wamebanana kwenye shina kama vifaranga. Ukitaka kujua saa bila simu, tazama pikipiki zilipo. Hao wanafuata "shade". Hakuna mtu anayebanana kwenye "shadow".

Mtoto akaelewa, akaenda kucheza. Mimi ndiye niliyebaki nikifikiri. Nikatafuta, na kumbe Waingereza wenyewe zamani walikuwa na neno moja kama sisi. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sceadu". Lilipokuwa mtenda kwenye sentensi lilikuwa na umbo moja, likikaa sehemu nyingine ya sentensi linabadilika mkia, kuwa "sceaduwe". Ile mikia ilipochakaa, umbo la kwanza likabaki "shade" na la pili likabaki "shadow", kisha polepole kila moja likachukua shamba lake. Maana yake miaka elfu moja hivi iliyopita mtoto wa Kiingereza angeandika insha ileile ya mwanangu na asikatwe alama.

Na neno letu moja lisidharauliwe, lina kazi. Tangazo la ajira likitoka linadai "nakala kivuli za vyeti". Hicho ndicho ninachouza! Cheti chenyewe unakificha nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, kivuli chake ndicho kinachozunguka maofisini. Kipande kimoja shilingi mia. Pale bungeni napo, upinzani unapokuwa na kambi yake rasmi, kuna waziri kivuli. Kwa Kiingereza huyo ni wa "shadow", naye kazi yake ni ileile ya umbo jeusi la miguuni: waziri akienda kwenye bajeti, na yeye yupo. Ungemwita wa "shade" angekuwa waziri wa kupumzikia.

Halafu kuna mwavuli. Utauona ukoo wake na kivuli ukilitamka taratibu. "Umbrella" nayo imetoka mbali, kupitia Kiitaliano, kwenye neno la Kilatini "umbra", ambalo maana yake ni kivuli. Waingereza wanalifungua wakati wa mvua na wamesahau jina linasema nini. Wamama wa hapa wanaotoka sokoni Majengo saa sita mchana na mwavuli mweusi kichwani hawajasahau, ingawa Kilatini hawajakisoma.

Nisikae kivulini siku nzima.

Mkulima mmoja wa upande wa Hombolo alikuja nimtengenezee lebo ya chupa. Anakamua mvinyo kidogo, wa kuuzia watu wanaomfahamu. Kwenye karatasi kaandika "Dodoma Pure Vine". Nikamwambia baba, hapo umeuza mti. "Vine" ni mzabibu, "wine" ndiyo mvinyo. Akanitazama kwa huruma. "Si kimetoka hukohuko?" Na ndivyo. Yote mawili yanarudi kwenye neno la Kilatini la mvinyo, "vinum". Moja lilifika Uingereza mapema sana kutoka kwa Warumi, likakaa na W yake. La pili lilikuja baadaye kupitia Wafaransa, nalo likaja na V. Hata mvinyo wetu ni wa ukoo huo, tuliupata kwa Wareno wanaosema "vinho".

Yule mkulima pia alitaka kuongeza kwenye lebo kwamba anauza zabibu mbichi na kavu. Hapo ndipo nilipokwama mimi. Kiswahili kinasema zabibu, zabibu kavu, tumemaliza. Kiingereza kinataka "grape" kwa ile ya mtini na "raisin" kwa iliyokaushwa, majina mawili kana kwamba ni matunda mawili. Na kila aliyeazima hapa aliazima kombo. Waingereza walilitoa "raisin" kwa Wafaransa, ambao kwao hilo ni zabibu lolote bichi, wakaliweka kwenye kavu. Na "grape" yao, kwa Wafaransa wa zamani, ilikuwa kichane kizima. Sisi nasi tulifanya kinyume. "Zabibu" ni Kiarabu, na Waarabu hulitumia kwa iliyokauka. Mbichi wanaiita "inabu". Naona sababu yake bila kuambiwa: kilichoweza kuvuka bahari kwenye jahazi bila kuoza ni kile kikavu. Watu wa pwani wakalijua tunda likiwa limekunjamana, na jina likapanda nalo bara hadi kwenye mashamba yetu, ambako sasa limejaa maji. Lebo ilitoka nzuri, yenye W.

Kuna jozi nyingine sikuicheka. Mwanafunzi alileta pendekezo la utafiti kuhusu uji wa shuleni, ameandika kwamba watoto wanaingia darasani na "famine". Alitaka kusema "hunger". Ya pili ni ya tumbo moja, huisha ukila. Ya kwanza ni ya nchi. Kiswahili cha kila siku kinasema njaa kote kuwili, labda uongeze "baa la njaa" kama unaandika gazetini. Nilirekebisha, nikaendelea kuchapa, lakini nikamkumbuka bibi. Kwa Wagogo njaa ya nchi haiitwi njaa tu. Kila moja ina jina lake, kama mtoto. Bibi alisimuliwa na mama yake habari za Mtunya, ile ya mwaka 1917 na miaka iliyofuata, baada ya majeshi ya vita, ya Wajerumani na ya Waingereza, kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Bibi alikuwa akisema "njaa" ya kuchelewa ugali huku anacheka. "Mtunya" hakulisema akicheka. Kwa hiyo tofauti ya yule mwanafunzi hata kwetu ipo, ila tunaihifadhi kwa majina.

Sasa mbuzi.

Afisa mifugo wa wilaya jirani huniletea ripoti zake kwenye flashi nizipange na kuziprinti. Ya mwezi wa nane ilisema mbuzi 340 walikuwa "drenched". Kamusi yangu inasema kuloweshwa chapachapa. Nikampigia simu kwa nia njema kabisa. "Kaka, hapa umesema mbuzi wamenyeshewa, Agosti, Dodoma. Wakubwa hawatakuuliza mvua ilitoka wapi?" Upande wa pili nikasikia anamwambia mwenzake, wanacheka wawili. Kumbe kwa watu wa mifugo neno hilo ni kumnywesha mnyama dawa, ya minyoo kwa kawaida, unamshika taya unamimina.

Nililichimba neno hilo na ndilo lililonifurahisha kuliko yote. "Drench" ni mtoto wa "drink". Kunywa, na kunywesha! Lugha iliyozaa Kiingereza cha kale ilikuwa na kiambishi chake cha kumfanya mtu atende, kama -sha na -za zetu, nacho kilikaa kwenye mkia wa neno, ila kikaharibu irabu ya katikati kabla ya chenyewe kufa. Mkia umekufa, irabu iliyoharibika imebaki. Ukijua hilo, jozi kadhaa zinazotesa watu zinajipanga zenyewe. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha, ndilo neno la wakata miti. "Sit" ni kuketi, "set" ni kuketisha kitu mahali pake. "Rise" na "raise", kuinuka na kuinua. "Lie" na "lay", kulala na kulaza, na hiyo ya mwisho inawashinda hata wenyewe, kwa sababu "lay" ndiyo pia "lie" ya jana. Mtu aliyekariri -sha tangu anajifunza kuongea hana sababu ya kuogopa jozi hizi. Ni sarufi yetu iliyochakaa kwa wengine.

Nilimsomea Mwalimu. Alinyamaza muda, akasema miaka thelathini na kitu amefundisha "lie" na "lay" kwa fimbo ya kukariri. Sikujua kama amefurahi au ameumia.

Jozi ninayoiona ya maana kuliko zote, na hapa nasema kama mfanyabiashara, ni "borrow" na "lend". Kwenye fedha Kiswahili kimekaa wazi: anayekopa na anayekopesha. Shida inaingia na kuazima, maana hilo ni mlango wa kuingilia na kutokea. "Niazime jembe." "Nimeazima jembe kwa jirani." Neno moja, jembe linakwenda na kurudi. Basi mtu mwenye kuazima kichwani akikaa kuandika Kiingereza, "borrow" anaipeleka pande zote mbili.

Waliwahi kuja mashemeji wawili, mmoja baada ya mwingine, wanataka hati ya makubaliano iwe ya Kiingereza ili ionekane nzito. Rasimu yao inasema fulani "has borrowed to" fulani shilingi laki sita. Nikasoma mara tatu. Nani anamdai nani? Nilikataa kuprinti mpaka wakae wote wawili kwenye benchi langu. Wakaja, nikawauliza waziwazi, na wakatazamana kwanza kabla ya kujibu. Hapo niliiona kesi ya mwaka ujao. Nikaifuta yote, nikaandika kwa Kiswahili: huyu anadaiwa na huyu, kiasi hiki, hadi tarehe hii. Mstari mmoja na nusu. Walilipa elfu moja, na yule mdaiwa hakuonekana kuipenda sana ile lugha nyepesi.

Na ajabu, "borrow" ya zamani inatokana na neno la dhamana, kitu unachoweka ili uaminiwe. Kukopa kwao kulianza na rehani. "Lend" ni ndugu wa "loan", mkopo. Ukimshika kila mmoja kwa ndugu yake hupotei: anayetoa "loan" ndiye wa "lend".

Zile jozi za herufi, "advice" na "advise", "practice" na "practise", "licence" na "license", sina subira nazo. Kwa Uingereza yenye C ni jina na yenye S ni kitenzi. Marekani wamelikunja, "practice" kwa C kote na "license" kwa S kote, maisha yao yanaendelea, ingawa "advice" na "advise" wamewaacha, maana hao hata masikioni wanatofautiana. Kompyuta yangu ilikuja imewekwa Kiingereza cha Marekani, nikawa napigiwa mstari mwekundu kwenye barua ambazo ofisi za hapa zingezipokea bila neno. Nimebadilisha mpangilio, basi. Mwombaji wa kazi aliyeandika "Capitol City" kwenye anwani ya Dodoma nilimwambia kwamba "Capitol" ni jengo, la kule Washington, lililopata jina kutoka mlima wa Roma. Sisi ni "capital", makao makuu tangu uamuzi wa 1973, na kwa sheria tangu 2018. Akasema "asante dada" huku anatazama saa, usaili wake ulikuwa saa mbili.

Kuhusu bango. Mwaka wa sita fundi alirudi mtaani kuandika ukuta wa jirani, nikamwomba anigeuzie A iwe E. Akataka elfu kumi. Herufi moja? Akasema si herufi, ni ngazi. Tukaelewana elfu saba, akapiga nyeupe juu ya A, akasubiri ikauke, akachora E ya bluu. Mwalimu alisimamia kazi yote kutoka kwenye kiti chake.

Rangi yake nyeupe ilikuwa nyepesi. Asubuhi huoni kitu. Lakini ukuta wangu unatazama magharibi, na ikifika saa tisa alasiri jua likiupiga sawasawa, ile A inatokea nyuma ya E, ya kijivu, imesimama palepale.